Nimelipa SEO kwa miezi saba, duka langu la nyavu mtandaoni limezama: malalamiko kutoka Kirumba

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya uvuvi hapa Mwanza, na duka langu liko Kirumba, si mbali na mwalo, pale boti za uvuvi zinaposhushia samaki. Nauza nyavu za dagaa na za sangara, kamba, maboya, ndoano za migonzo na taa za sola za kuvulia dagaa. Kwa miaka minne sasa nina pia duka la mtandaoni, ambalo wavuvi wa Ukerewe, Kome, Sengerema na hata upande wa Muleba wamekuwa wakiagizia kwa simu na kupokea mzigo kwa boti. Nakiri kwamba ninaandika nikiwa na hasira, lakini kila ninachokisema hapa ninacho kwa maandishi: mkataba mmoja, risiti saba na ripoti saba. Kampuni niliyoilipa kwa SEO, yaani kazi ya kulifanya duka lionekane juu mtu anapotafuta kwenye Google, siitaji kwa jina, kwa kuwa ndivyo wakili wangu alivyonishauri.

Januari walinijia vijana wawili nadhifu, wakanionyesha kwenye kompyuta yao jinsi duka langu lilivyokuwa likitokea katikati ya ukurasa wa kwanza mtu anapotafuta taa za dagaa, wakasema hapo ni pabaya, na kwamba kwa shilingi 450,000 kwa mwezi wangenipeleka nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya siku 90. Nilikubali. Leo ninajua kwamba Google yenyewe, katika mwongozo inaowaandikia wenye tovuti, inasema hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii kwa kawaida huhitaji kati ya miezi 4 na mwaka mzima kabla faida yake haijaonekana. Mwongozo huo ni wa bure na haufichwi. Kutousoma ni kosa langu, na hilo ninalibeba mwenyewe. Yanayofuata si yangu.

Nianze na maandishi ya bidhaa. Kabla yao, maelezo ya kila bidhaa nilikuwa nimeyaandika mimi, kwa maneno yaleyale ninayomwambia mteja aliyesimama mbele ya kaunta: taa hii inawaka saa ngapi, betri yake inabadilishwa vipi, ikiingia maji inakuwaje, wavu huu una macho mangapi, uzi wake ni plai ngapi, na ukiwa Ukara mzigo utakufikia siku gani. Waliyafuta yote. Waliniambia kwamba ni mafupi mno na kwamba Google hupenda maneno 1,000 kila ukurasa, jambo ambalo Google haijawahi kulisema, kwani haina idadi ya maneno inayoidai. Mahali pake waliweka maelezo ya kiwanda, yaleyale yaliyobandikwa kwenye mamia ya maduka duniani, yakiwa yamepitishwa kwenye mashine ya kutafsiri bila jicho la binadamu. Taa ya kuvulia ikawa "uvuvi mwepesi", kwa sababu kwa Kiingereza neno la taa na neno la wepesi ni moja. Kamba ya risasi, ile inayozamisha wavu, ikawa "mstari wa kiongozi". Mvuvi mmoja wa Ukerewe alinipigia simu akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama siku hizi nauza vifaa vya chama.

Hayo ningeweza kuyameza. Lililonikosesha usingizi ni ukurasa wa nyavu. Katika yale maelezo yaliyonakiliwa walisifu, kwa jina la duka langu, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, yaani timba, ambao wanajukwaa wa Kanda ya Ziwa mnajua kwamba umepigwa marufuku na sheria yetu ya uvuvi. Sijawahi kuuza timba. Hata hivyo kwa wiki sita ukurasa wangu uliwatangazia watu wote kwamba ninayo, "ya ubora wa juu, haionekani majini". Niligundua pale mteja nisiyemfahamu aliponiuliza kwa sauti ya chini kama mzigo ule unaweza kufika usiku. Nilipowauliza, walinijibu kwamba neno hilo lina watafutaji wengi. Mtu anayeweza kutoa jibu hilo hajui anachokiuza, wala hajui kwamba doria ikija haitamuuliza yeye.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu naamini ndiyo kiini cha ubovu wa huduma hii katika mji wetu. Kazi ya kulifanya duka lionekane huanza kwa kujua mteja anaandika nini kwenye simu yake. Mvuvi haandiki "suluhisho za mwanga kwa uvuvi endelevu". Anaandika "bei ya taa za dagaa", "betri ya taa ya dagaa inaisha haraka", "nyavu za dagaa milimita 8", "nyavu za sangara inchi 6 bei". Anayetafuta bei yuko tayari kununua, hivyo anastahili ukurasa wa bidhaa wenye bei, picha halisi na gharama ya kusafirisha. Anayeuliza kwa nini betri inaisha anastahili maelezo ya kina, na chini yake aonyeshwe betri. Ni watu wawili tofauti na hawapelekwi mlango mmoja. Katika miezi saba hakuna hata mmoja wao aliyekuja kukaa dukani saa moja asikilize watu wanavyoomba vitu. Mimi mwenyewe niliwaalika mara tatu.

Wala hawakujua kalenda ya ziwa. Mwezi unapokuwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa mbalamwezi huifanya taa isiwavute dagaa. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kurekebisha taa na kununua, ili giza likirudi wawe tayari. Mtu yeyote anayepanga maudhui ya duka kama langu angefuata mwezi wa angani. Wao walinitumia ratiba ya machapisho yenye Valentine, Pasaka, na kwa mbele kabisa ile Ijumaa ya mapunguzo ya Wamarekani mwezi Novemba. Makala ya Februari ilihusu zawadi za kumpa umpendaye. Kwenye duka la nyavu!

Sasa nije kwenye uharibifu wenyewe. Mwezi wa pili walibadilisha anwani za kurasa zote, wakidai kwamba za zamani hazikuwa na maneno ya kutosha. Kurasa zangu 180 na ushee, ambazo Google ilikuwa imezizoea, ambazo wateja walikuwa wamezituma kwenye makundi ya WhatsApp ya mialo na ambazo tovuti chache za habari za uvuvi zilikuwa zimeziunganisha, zikafa siku moja. Kila mtu anayejua kazi hii anajua kwamba ukibadilisha anwani unaielekeza ile ya zamani kwenye mpya kwa kudumu, kwa msimbo wa 301, na Google inashauri maelekezo hayo yaachwe angalau mwaka mmoja. Hawakuweka hata moja. Aliyebofya kiungo cha zamani alikutana na maneno "ukurasa haupatikani", na mvuvi aliyeko kisiwani akitumia bando la kupima kwa kijiko hajaribu mara ya pili.

Baada ya hapo waliniongezea kurasa 60 ambazo wao waliziita za maeneo: "vifaa vya uvuvi Geita", "vifaa vya uvuvi Bunda", "vifaa vya uvuvi Magu", kila moja ikiwa na maneno yaleyale huku jina la mji tu likibadilika, na zote zikimrudisha msomaji kwenye duka moja lililoko Kirumba. Walijaza pia orodha ya maneno kwenye metatagi, yaani sehemu ya msimbo wa ukurasa ambayo msomaji haioni, ambayo Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii kabisa kupanga matokeo. Wakanunua viungo vya kuelekeza kwenye duka langu kutoka kwenye tovuti za kamari na za dawa za kupunguza unene, mtindo ambao Google ilianza kuushughulikia kwa nguvu kupitia badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo, liitwalo Penguin, la Aprili 2012. Na zile kurasa za kumwaga kwa wingi bila manufaa kwa msomaji, Google ilikaza sera zake dhidi yazo Machi 2024. Kwa maneno mengine, nililipia mbinu zilizokufa wakati baadhi ya vijana hao walikuwa bado wanasoma shule ya msingi, na mbinu nyingine ambazo ni kosa lililoandikwa waziwazi.

Mtaniuliza kwa nini nilivumilia miezi saba. Nilivumilia kwa sababu ya ripoti. Kila tarehe mosi ililetwa karatasi nzuri yenye michoro ya kijani inayopanda, ikionyesha kwamba duka langu ni la kwanza kwa maneno 25. Oda zilikuwa zinashuka, kutoka kama 40 kwa wiki mpaka 9, lakini wao walisema ni msimu, na kweli ziwa lina misimu yake, nikanyamaza.

Aliyenifumbua macho ni binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo, aliyekuja likizo Julai. Aliuliza kama ninaweza kuingia kwenye Search Console, ile huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu waliandika nini mpaka wakamfikia. Kijana aliyenijengea tovuti alikuwa ameifungua zamani, lakini kampuni ilikuwa imemwondoa na kubaki peke yake. Binti akaweka alama ya uthibitisho kwenye ukurasa wangu wa mwanzo, na baada ya dakika chache tukawa tunatazama takwimu za miezi 16. Yale maneno 25 ambayo nilikuwa "wa kwanza" mengi yalikuwa hayajatafutwa na mtu yeyote, na yaliyobaki yalikuwa jina la duka langu, limeandikwa kwa namna mbalimbali. "Bei ya taa za dagaa", ambayo ndiyo iliyokuwa ikinilisha, ilikuwa imeanguka wiki ileile anwani zilipobadilishwa. Binti akaniambia, "Shangazi, huyu bwana amekuwa akikuuzia jina lako mwenyewe."

Najua wapo watakaosema niachane na tovuti, niuze kwa WhatsApp na Facebook kama wengine. Ninauza huko pia, na ninashukuru. Lakini aliyeko kwenye kundi langu tayari ananijua. Anayetafuta kwenye Google ni yule ambaye taa yake imezima saa nane usiku akiwa kisiwani Goziba, hanijui wala simjui, na anahitaji kupata jibu kabla ya giza la kesho. Wateja wa namna hiyo ndio walioniwezesha kuajiri watu wawili, na mmoja wao nimelazimika kumsimamisha mwezi uliopita.

Sasa madai yangu, ambayo kampuni imeyapokea kwa barua na haijayajibu. Kwanza, jina la tovuti: lilipokuwa linahuishwa Mei niliwatumia fedha, nao wakalihuisha wakiweka barua pepe yao kama ya mmiliki. Nataka libadilishwe lisomeke kwangu, na hili sitalijadili. Pili, warudishe malipo ya miezi ya Februari hadi Julai, yaani shilingi 2,700,000. Ile ya Januari wabaki nayo, angalau walipunguza uzito wa picha na kurasa zikafunguka haraka zaidi, stahiki yao siwanyimi. Tatu, wanipe orodha kamili ya anwani za zamani na mpya, ambayo lazima wanayo kwa kuwa ndio waliozibadilisha.

Kwa wanajukwaa, naomba msaada kwa hilo la tatu, maana sina hakika kama nitaipata kwao. Mimi na binti tumekuwa tukizichimbua anwani za zamani kila usiku, nyingine kwenye Internet Archive, hifadhi inayotunza nakala za kurasa za zamani, na nyingine ndani ya Search Console yenyewe, na mpaka jana tulikuwa tumezipata 112 na kuziwekea maelekezo ya 301. Kama uliwahi kununua kwangu au kutumiwa kiungo cha duka langu kabla ya Februari, tafadhali tafuta kwenye ujumbe wako wa zamani wa WhatsApp, unakili kiungo hicho jinsi kilivyo na ukiweke hapa chini, hata kama kinafunguka kwenye ukurasa uliokufa. Zile za nyavu za sangara ndizo zinazonisumbua zaidi. Hatujapata hata moja.