Programu gani ya bure ya kuchorea saketi za kuchapishwa kwenye jarida?

Rezista47
Wakuu, naomba mwongozo. Makala yangu imerudishwa. Hesabu hazina shida, vipimo havina shida. Shida ni mchoro namba 3, amplifaya ya opampu (kipuri cha kukuza ishara) yenye kichujio mbele yake. Mhakiki anasema thamani za vipuri hazisomeki.

Nilichora kwenye KiCad, programu ya kuchorea saketi na bodi, nikapiga picha ya skrini, nikaihifadhi kama JPEG na kuibandika. Kwenye skrini ilipendeza mno. Kwenye karatasi kila waya una ukungu wa kijivu pembeni kama umechorwa kwa mkaa, na "10 kΩ" imebaki kuwa 10 na doa.

Sihitaji kuiga utendaji wa saketi wala kutengeneza bodi. Nataka mchoro safi, programu ya bure, iende kwenye Linux. Nina wiki mbili.

MzeeWaSolda
Usiisingizie KiCad, kijana. Kosa ni kupiga picha ya skrini. JPEG ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Ukiipa mstari mweusi juu ya weupe inaacha vumbi pembeni. Humo humo KiCad unaweza kutoa PDF au SVG, na hapo mstari unabaki mstari hata ukiukuza mara hamsini. Ondoa na ile fremu ya ukurasa kabla ya kutoa, maana haina kazi kwenye makala.

La pili ni ukubwa, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Maandishi ya KiCad yakiachwa yalivyo yana kimo cha milimita 1.27. Umechora kwenye A4 iliyolazwa, upana milimita 297. Safu moja ya majarida ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ni inchi 3.5, yaani karibu milimita 89. Ukiubana ukurasa mzima uingie humo umebaki na asilimia 30, na herufi zako zimeshuka hadi milimita 0.38. Mhakiki afanyeje, atafute darubini?

Weka ukurasa wa milimita 89 tangu mwanzo, uchore humo. Rezista ya KiCad ina milimita 7.62 ncha hadi ncha, kwa hiyo amplifaya yako itatoshea humo.

tikz_usiku
Kama makala iko kwenye LaTeX (mfumo wa kupanga makala kwa kuandika amri), usihangaike: tumia circuitikz, kifurushi chake cha kuchorea saketi. Saketi unaiandika badala ya kuichora:

\draw (0,0) to[R, l=$R_1$] (3,0);

Hiyo ni rezista moja na jina lake. Faida kubwa ni fonti: R₁ ya kwenye mchoro inafanana kabisa na R₁ ya kwenye mlinganyo, kwa kuwa zote zimepangwa na LaTeX ile ile. Ukitaka rezista za mstatili, andika european. Ukitaka za kuzigizagi, andika american. Neno moja linabadilisha mchoro mzima. Vipuri vikiwa vikubwa mno, punguza bipoles/length, yaani kipimo cha urefu wa vipuri, ambacho kisipoguswa ni sentimita 1.4.

Siku ya kwanza utaichukia. Chukua karatasi ya miraba, chora kwa penseli, ndipo usome namba za miraba.

KalamuNaRula
Mimi na LaTeX hatuelewani. Natumia Inkscape peke yake, programu ya kuchora michoro ya kila aina, nina faili moja yenye alama zangu zote, nanakili na kubandika huku gridi imewashwa. Tahadhari moja tu: kuna kitufe kinachoamua kama unene wa mstari ubadilike unapopunguza umbo. Kiliniponyoka, nikapata kapasita zenye mistari myembamba na transista zenye minene kwenye mchoro mmoja. Nilirudia kazi ya jioni nzima.

Rezista47
Vipi LTspice, ile ya kuiga utendaji wa saketi? Ninayo tayari.

MzeeWaSolda
Ni ya bure, ila si huria, yaani msimbo wake hauko wazi. Kwa kuiga utendaji ni nzuri sana. Kwa mchoro wa kuchapishwa, hapana. Alama zake zilichorwa kwa ajili ya skrini.

Rezista47
Narudi na majibu. Nimechukua circuitikz kwa kuwa makala ilikuwa LaTeX tayari. Siku ya kwanza kweli niliichukia: nilisahau nukta mkato moja nikatukanwa kwa ujumbe wa makosa kurasa mbili.

Lakini sikilizeni hili. Kwenye circuitikz opampu inakuja na ingizo lenye alama ya kutoa (−) likiwa juu, na waya huuchori kwa kuukisia; unataja pini kwa jina, op.- au op.+. Nilikuwa naunakili mchoro wangu wa zamani mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye rezista ya mrejesho, ile inayorudisha tokeo kwenye ingizo, nikajikuta naandika op.+ badala ya op.-. Nikasimama. Nikafungua ile JPEG, nikaikuza: kweli, niligeuza alama ya opampu kwenye KiCad ili waya zisipishane, nikasahau kuhamisha mrejesho. Saketi niliyoijenga mezani iko sawa, mchoro ndio ulikuwa wa uongo.

Wahakiki walikuwa wawili, na hakuna aliyeligusa hilo. Sasa najiuliza kama ni ukungu uliowazuia kuona. Nimeshatuma mpya.

tikz_usiku
Na mchoro namba 5? Huo nao ulitoka kwenye faili ile ile ya KiCad?

Rezista47
Ngoja nikauangalie.