Mafundi mnaokaza bolti za bushi gari likiwa linaning'inia, mnatuharibia magari!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuzificha. Bushi za mbele za pikapu yangu (vile vibomba vya chuma vyenye raba kwenye maungio ya amu, yaani mikono ya chuma inayoshika magurudumu), za amu za juu na za chini, zote zilikuwa mpya na zote zimechanika. Zile zilizotoka na gari kiwandani zilikaa miaka kwenye matope, mawe na makorongo. Hizi hazikufika popote. Nimerudi gereji, najibiwa kwa mkato: "Bosi, barabara zako mbovu." Nilipobisha wakahamia kwenye spea feki. Nilipobisha tena, wakaanza kuniangalia kama mkorofi.

Pikapu hii ni ya njia mbovu, ndiyo kazi iliyotengenezewa! Huwezi kuniambia bushi imekufa kwa sababu gari la porini limekwenda porini.

Nimeingia chini mwenyewe na tochi na mtaimbo. Ukibinua amu kidogo unaiona raba imeachana na kibomba cha ndani, ufa umejikunja kama mwezi mchanga. Angalia bushi ya pili, ufa uko vilevile. Nenda upande wa pili wa gari, vilevile tena, na zote zimechanikia kwenye mwelekeo mmoja wa kusokotwa. Spea feki haifi kwa utaratibu wa namna hiyo. Hizi zimesokotwa tangu siku zilipofungwa.

Na nilikuwepo wakati zinafungwa. Gari lilikuwa juu, magurudumu yametolewa, amu zimelegea zinaelekea ardhini, kijana anakaza bolti kwa bomba refu kwenye spana mpaka ya mwisho. Nikamuuliza, hizi si zinakazwa gari likishuka? Akasema, "Tunafanya hivi kila siku, mzee." Ndiyo shida yenyewe hiyo. Wanafanya hivi kila siku.

Kwa wasiojua kwa nini napiga kelele: bushi ya raba ya kawaida haizunguki. Raba imegandishwa kwenye kibomba cha nje na kwenye kibomba cha ndani. Bolti ikikazwa inakibana kibomba cha ndani kisisogee kabisa, na amu inapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota na kurudi. Kwa hiyo raba inatakiwa iwe imetulia pale gari linaposimama kwa uzito wake kwenye magurudumu. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, umeipa raba utulivu mahali ambapo gari haliishi. Siku nzima gari likiwa limepaki tu, raba imekamuliwa. Ukipiga shimo, inakamuliwa zaidi ya pale ilipokusudiwa kufika. Kwenye gari la mjini lenye mwendo mfupi wa amu inaweza kujivuta kwa muda, lakini kwenye pikapu ambayo amu zake zinapanda na kushuka sana, inachanika mapema, hakuna muujiza.

Tena dalili ilikuwepo siku ileile nilipolichukua. Gari lilikuwa limeinuka kidogo mbele na limekakamaa kwenye matuta. Wao wakasema "hiyo ni bushi mpya, inajisikia." Hapana! Raba iliyosokotwa inasukuma amu chini, inafanya kazi ya springi bila kuombwa. Raba zilipochanika, gari likashuka, na usukani ukaanza kuvuta upande kila nikikanyaga breki, pamoja na ule mlio wa "ko!" chini ya miguu.

Mnasema kukaza gari likiwa chini ni usumbufu. Usumbufu gani? Unaingiza bolti zote, nati unazishika kwa mkono tu, unafunga magurudumu, unashusha gari, unalitikisa likae, unaingia kwenye shimo lenu mlilolichimba kwa kazi hiyohiyo na kukaza kwa kipimo. Kama spana haifiki gurudumu likiwepo, basi kabla ya kufungua chochote pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) mpaka ukingo wa madigadi, andika, halafu wakati wa kukaza inua amu kwa jeki mpaka kipimo kirudi palepale. Mtu anayeweza kushusha gia boksi hawezi kushindwa na futi ya kupimia.

Na wenye kuinua magari, hili linawahusu mno. Ukifunga springi ndefu bila kulegeza bolti za amu na kuzikaza upya kwenye kimo kipya, umezisokota bushi zote hata kama hukuzigusa. Halafu unasikia "gari likiinuliwa linakula bushi." Mara nyingi ni uvivu wa fundi ndio unaozila.

Sijamaliza. Kuzitoa zile bushi za zamani walitumia moto wa gesi na nyundo. Raba inaungua, moshi mweusi wa sumu umejaa gereji, moto uko karibu na mpira wa breki na kava la boli joint (kiungo kinachounganisha amu na upande wa gurudumu). Presi ilikuwepo pale pembeni, imewekewa madumu juu! Halafu mpya zikapigwa nyundo kuingia. Moja imekaa upande, naiona kwa macho, na mdomo wa amu umebonyea. Bushi inasukumwa kwa presi kupitia ukingo wa kibomba cha nje, kwa maji ya sabuni ikigoma, na bushi yenye matundu ina mwelekeo wake wa kukaa. Walipaka grisi ya kawaida kwenye raba. Grisi ya mafuta ya petroli inailainisha na kuivimbisha raba, na hilo fundi wa magari hapaswi kufundishwa na mteja.

Zile bolti zenye visahani vya kurekebishia magurudumu walizitoa bila kuweka alama, na gari likaondoka bila wili alaimenti (kunyooshwa magurudumu). Tairi zimelika ukingo wa ndani, nyuzi zinakaribia kuonekana. Hiyo hasara nani anailipa?

Sasa ushauri wao mpya: niweke za poliyurethani kwa sababu "hazichaniki." Sizikatai, zina watu wake. Lakini hizo zinafanya kazi tofauti kabisa, kibomba cha ndani kinazunguka ndani yake, ndiyo maana kukaza zikiwa hewani hakuziui. Zinataka grisi yake ya silikoni, na kwa gari linalolala kwenye matope na kuvuka maji utazifungua mara kwa mara kuzipaka tena, la sivyo zinalia kama kitanda kibovu na kupitisha mtetemo wote kwenye bodi. Mtu ananiuzia bushi nyingine ili asijifunze kukaza bolti! Hilo ndilo linalonichoma kuliko vyote.

Nyuma bado sijawaruhusu waguse. Kuna bushi za springi za majani na za shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi) zimeanza kulegea, na najua wataning'iniza ekseli na kukaza vilevile, kisha yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) za zamani zilizokwishavutika wazirudishe kana kwamba ni mpya.

Nimewapelekea msimamo wangu kwa maandishi. Bushi mpya za mbele kwa gharama yao, pande zote mbili. Amu iliyobonyea ibadilishwe. Kazi ya presi, hakuna gesi. Bolti zikazwe gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, nikiwa nimesimama pale naangalia, na wili alaimenti siku hiyohiyo. Wamejibu kwamba wao "hawapangiwi kazi na mteja."

Kama kuna mtu humu amewahi kurudishiwa gharama kwa kosa hili hasa la kukaza gari likiwa juu, naomba aseme alitumia ushahidi gani. Picha za nyufa ninazo za kila bushi, na kitabu cha ufundi cha hili gari kimeandika wazi kwamba bolti hizi zinakazwa likiwa na uzito wake chini.