"Mungu ana kusudi": mnaposema hivyo mnamaanisha nini hasa?

Deiwaka wa Mbagala:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie ila tafadhali msinitupie mstari mkaondoka, ya hivyo nimeshapokea mingi sana mwezi huu.

Mimi ni bodaboda hapa Mbagala, nilikuwa na pikipiki ya mkataba, hesabu elfu 10 kila siku Jumapili napumzika, miezi 15 halafu chombo kinakuwa changu. Nina daftari dogo nilikuwa natia tiki kila jioni nikishatuma hela, wife ananicheka anasema unahesabu kama mfungwa. Nikawa nimebakiza wiki 7. Wiki saba tu jamani! Usiku mmoja kwenye saa nne abiria akaniambia nimpeleke Chamazi, tumefika sehemu haina taa akasema simama kidogo nipokee simu, baada ya hapo nakumbuka kishindo tu kichwani, nazinduka nipo mtaroni helmeti imepasuka kuanzia juu mpaka usawa wa sikio na pikipiki hakuna.

Sasa kanisani kila ninayekutana naye ananiambia Mungu ana kusudi. Mzee wa kanisa kasema shukuru helmeti imekuokoa, sawa nashukuru na sitanii, ila aliyelinda kichwa si angelinda na chombo? Mchungaji kanipa Yeremia 29:11. Huku nyumbani kodi imeisha, mwenye pikipiki ananipigia asubuhi na jioni, mtoto wa kwanza yupo darasa la saba. Simkatai Mungu wapendwa, ila nikipiga magoti nakosa cha kusema nabaki nimeshika kitanda tu. Nyie mnaoamini kusudi la Mungu kwenye shida mnafanyaje? Maana kwangu mimi limeanza kusikika kama neno la kumfunga mtu mdomo.

Upako Moto:

Pole mtumishi. Hilo jambo usiliangalie kwa macho ya nyama. Kitu kukatika wiki 7 kabla hujakimiliki hiyo ni roho ya kukwamia mlangoni, chunguza ukoo wenu kama kuna mtu alishawahi kumiliki kitu kikadumu. Na zaka ulikuwa unatoa kamili au unakadiria? Funga siku 3 kavu, toa sadaka ya kuvunja hilo agano, ndani ya mwezi mmoja unapata kubwa kuliko hiyo. Pokea!

Karani wa Kwaya:

Upako Moto ndugu yangu umeanza. Mtu kapigwa nondo wewe unamuuliza zaka? Rafiki zake Ayubu walifanya jambo moja la maana, walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku hawakusema neno. Walipofungua mdomo kumtafutia kosa ndio wakaharibu, mpaka sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na wenzako wawili. Na yule kipofu wa Yohana 9, wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu akakataa yote mawili.

Mleta mada pole sana mkuu. Mimi nikuombe kitu kimoja, usiichukie Yeremia 29 kwa sababu ya namna ulivyopewa. Ile ilikuwa barua. Yeremia yupo Yerusalemu anawaandikia watu waliobebwa mateka Babeli, wamepoteza nyumba, mashamba, hekalu liko mbali, na sura ya 28 kuna nabii mwingine anaitwa Hanania alishawaambia watu tulieni ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mfalme wenu vyote vinarudi. Unaona huyo anafanana na nani humu eeh (natania Upako). Yeremia akaandika kinyume, jengeni nyumba, limeni bustani, oeni mzae watoto, uombeeni na huo mji mliopelekwa, kwa sababu ni miaka 70. Mstari wa 10 ndio una hiyo 70, wa 11 ndio huo wenye "mawazo ya amani wala si ya mabaya" tunaobandika kwenye stetasi na kwenye kioo cha daladala. Kwahiyo mtu mzima aliyesikia ile barua inasomwa alijua kabisa yeye binafsi atazikwa Babeli. Na bado akaambiwa panda mchicha.

Halafu Yusufu. Watu wanapenda kuruka mpaka ikulu. Kauzwa ana miaka 17, kasimama mbele ya Farao ana 30, katikati hapo mnyweshaji wa Farao ambaye Yusufu alimsaidia gerezani kamsahau miaka 2 mizima. Yale maneno ya mlinikusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema aliyasema baba yake ameshafariki, ukipiga hesabu za kwenye Mwanzo anakuwa kwenye 56 hivi. Miaka karibu 40 tangu auzwe! Shimoni hakusema hivyo, ndugu zake wenyewe wanakiri sura ya 42 kwamba alikuwa anawasihi na wao hawakumsikiliza. Sasa wewe una mwezi mmoja, nani anakudai ushuhuda?

Mama Wawili:

Kaka pole. Mimi jina langu humu ni mama wawili lakini niliwazaa watatu. Wa katikati alifariki ana miaka 4, homa ya siku mbili tu. Ni mwaka wa tisa huu na sijaambiwa kusudi, sitaki nikudanganye, wapo wanaosema Mungu alitaka ua bustanini kwake na mimi nawaitikia amina ili waondoke.

Kilichonibeba ni dada mmoja wa jumuiya yetu, alikuwa anakuja kila Ijumaa anachukua ndoo anajaza maji, anaosha vyombo vilivyolala, anakaa kwenye stuli pale mlangoni anachambua mchele kimya halafu anaondoka. Hakuwahi kuninukulia mstari hata mmoja. Mpaka leo nikisikia mtu anasema Mungu yupo mimi naona ile stuli. Nikashindwa kuomba karibu mwaka, nikawa nasoma Zaburi ya 88 tu kwa sauti kwa sababu ni ya mtu anayelia mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani, haina lile "lakini nitakusifu" la kumalizia. Nikasema kumbe na hii imo kwenye Biblia, basi na mimi nimo. Ukikosa cha kusema chukua hiyo.

Fundi Sufuria:

Amina kwa yote, ila jamani mbona hakuna aliyemuuliza ya duniani? RB ya polisi, ile namba ya taarifa ya wizi, ulichukua? Mkataba mliandikishana kwa serikali ya mtaa au kwa mdomo? Kuna kipengele cha wizi? Na muulize mwenye chombo kama alikata bima kubwa au ile ndogo, maana kama ni kubwa anakudai nini wewe wakati analipwa? Hilo daftari la tiki usilitupe na meseji za miamala usifute hata moja.

Upako Moto:

Nimesomwa kwa Hanania leo sio mbaya 😅. Mtumishi nisamehe, nilikimbilia kukufundisha. Nipo Kongowe, nitumie namba yako inbox, nina gunia la mkaa halina kazi nyumbani kwangu wala sio sadaka ya agano lolote.

Deiwaka wa Mbagala:

Nimesoma zote, zingine nimemsomea na wife. Mama Wawili dada yangu kwa yako alinyamaza muda mrefu halafu akaenda kuinjika uji, sijui alikuwa anawaza nini na sikumuuliza.

Fundi RB ninayo, mkataba upo kwa mwenyekiti wa mtaa, bima sijui, nilikuwa naogopa kuuliza. Kwa sasa mshkaji wangu wa kijiweni ananipa deiwaka kuanzia saa sita mchana mpaka jioni, nampa elfu 7 kinachobaki changu, kuna siku kinabaki cha unga na mafuta, kuna siku hakibaki. Jana alinipa helmeti yake nikashindwa kuivaa dakika kama tano nimeishika tu, abiria anasubiri.

Jumapili niliingia nikakaa benchi la nyuma. Sikuimba ila sikutoka. Kesho asubuhi naenda kwa mwenyekiti na daftari langu, Karani kama una nafasi njoo tukae wote pale, huna haja ya kuongea.

Karani wa Kwaya:

Saa ngapi?