Vifaa vipya vya kupimia mawimbi ya FM: kipi kitangulie?

Fundi wa West Nile ameuliza:

Wahandisi wenzangu, salamu. Ninatunza mtambo wa FM wa kilowati 1 huku West Nile, juu ya mnara tunaoutumia pamoja na kituo kingine. Kwa miaka mingi nimetegemea mita iliyo usoni mwa mtambo pamoja na masikio yangu, na sasa yamenifika mambo mawili ambayo vyote viwili haviwezi kuyafumbua.

La kwanza ni kwamba mvua ikinyesha usiku, nguvu inayorudi kutoka kwenye antena hupanda kutoka wati 8 hadi karibu wati 40, na jua likishawaka, ifikapo saa sita mchana, hushuka tena kana kwamba hapakuwa na tatizo. La pili ni malalamiko ya wasikilizaji wa mjini kwamba wanatupata mahali pengine kwenye redio zao, sauti yetu ikiwa imechanganyika na ya jirani yetu wa mnarani. Kwa kukadiria, sisi tuko megahezi 102, jirani yuko 106, na mahali hapo pengine ni 98.

Uongozi umekubali kununua vifaa. Fedha zinatosha ama analaiza moja (kifaa kinachoonyesha kwenye kioo nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) ya mtumba iliyotoka maabara, ama vile vidogo vipya vya mkononi, yaani tinySA (analaiza ndogo), NanoVNA (ya kupimia kebo na antena) na RTL-SDR (kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta), na chenji ikabaki. Je, hivi vidogo vinaaminika kwa kazi yetu, na nianze na kipi?

Mhandisi wa Kampala amejibu:

Ndugu, vidogo vinafaa, lakini ningeanza na vile ambavyo havina kioo wala betri: kapla nzuri ya kuchukulia sampuli kwenye njia ya kwenda antenani, atenueta mbili tatu za kupunguza nguvu ya mawimbi, na mzigo bandia wa omu 50, unaowekwa badala ya antena, unaohimili wati zako zote. Nimeona analaiza mpya zikiungua siku ya kwanza kwa sababu mwenyewe alinunua kioo akasahau vitu hivi.

Fanya hesabu kabla ya kugusa konekta. Kilowati 1 ni desibeli 60 juu ya miliwati moja (kila desibeli 10 ni mara kumi). Kapla ya kupunguza desibeli 50 inakuachia 10, ambacho ndicho kikomo ambacho tinySA haipaswi kuvuka. Ongeza atenueta ya desibeli 40 ushuke hadi hasi 30, hapo kifaa kitapumua na vipimo vyake vitakuwa vya kweli. Ile tinySA ya kawaida husoma vizuri hadi megahezi 350, nayo inatosha, kwa sababu hata ukizidisha 108, mwisho wa bendi yetu, kwa tatu, unapata 324.

Sasa kuhusu 98 yako. Zidisha masafa yako kwa mbili, toa ya jirani: 204 kutoa 106 ni 98. Mawimbi ya jirani yanateremka kupitia antena yako, yanaingia kwenye transista za mwisho za mtambo wako, yanachanganyika humo na kutoka tena. Kama uchanganyikaji ungekuwa kwenye mtambo wake, ungeona 110 (106 mara mbili, toa 102) ikiwa na nguvu zaidi, na hiyo ni hatari kubwa kwa sababu kuanzia 108 ni masafa ya ndege. Nakusihi uitazame 110 pia, hata kama hakuna aliyelalamika.

Kabla hujamwambia mtu yeyote habari ya 98, hakikisha haijazaliwa ndani ya analaiza yenyewe, maana hivi vifaa vidogo vikilemewa huunda mawimbi ya uongo. Ongeza atenueta ya desibeli 10. Kilele cha 98 kwenye kioo kikishuka kwa 10, ni cha kweli. Kikishuka kwa karibu 30 huku vilele vya 102 na 106 vimeshuka kwa 10 tu, kimetengenezwa na kifaa chako. Jambo la mwisho: kapla nyingi huchota zaidi kadiri masafa yanavyopanda, takriban desibeli 6 kila masafa yanapozidi maradufu, kwa hiyo ukipima 204, yaani maradufu ya masafa yako, usishtuke na kuandika namba mbaya kuliko ilivyo.

Mpanda minara wa Mbale amejibu:

Naomba niongelee mvua. Wati 40 kati ya 1,000 ni asilimia 4, na hiyo bado haijaua mtambo, lakini kupanda na kushuka kwake kunanionyesha maji. Niliwahi kufungua konekta ya namna hiyo hapo juu: mpira wa kuzibia ulikuwa umepasuka upande wa chini, shaba imegeuka kijani, na nilipoinamisha kebo yalitoka matone matatu ya maji meusi. Mchana jua lilikuwa likiyakausha kidogo, na kila mtu chini akidhani tatizo limeisha.

NanoVNA itakuonyesha tatizo liko mita ngapi kutoka chini, mradi uiwekee kasi sahihi ya kebo yako; kebo nene za povu mara nyingi hupitisha mawimbi kwa karibu asilimia 88 ya kasi ya mwanga, ila angalia karatasi ya mtengenezaji. Isawazishe kwanza kwa ncha iliyo wazi, ncha iliyofungwa na mzigo wa omu 50. Pima wakati wa ukavu, uhifadhi mchoro, kisha pima tena asubuhi baada ya mvua. Tofauti ya michoro hiyo miwili ina thamani kuliko namba yoyote moja.

Lakini usiunganishe NanoVNA kwenye kebo ya mnara huo jirani akiwa hewani. Wati zake zinazoteremka kwako zinaweza kuiunguza, na hata isipoungua itakuchorea takataka. Mwombe azime dakika kumi saa nane usiku. Na kabla ya kuunganisha, gusanisha waya wa kati na ganda la nje la kebo ili umeme uliojikusanya utoke. Wingu likionekana, shuka. Huku kwetu radi haina subira.

Mtangazaji-fundi wa Mbarara amejibu:

Mimi ningeweka RTL-SDR mbele, si nyuma. Vipimo vya mnarani utavifanya mara chache kwa mwezi, ilhali msikilizaji anakusikia kila dakika. Tumeweka kipokezi hicho pamoja na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyumbani kwa mfanyakazi anayeishi mbali na mnara. Kimya kikizidi sekunde 30, au toni ya stirio ya kilohezi 19 ikipotea, simu zetu hupata ujumbe. Tangu hapo hatusubiri tena msikilizaji apige simu kutuambia kwamba tumezimika.

Ni kifaa cha biti 8, yaani usahihi wake ni mdogo na hulemewa upesi na mawimbi makali, kwa hiyo usikiweke karibu na mnara na usikitumie kuthibitisha kwamba hamjavuka kilohezi 75 za mchepuko, yaani kiasi ambacho sauti huyumbisha masafa yenu. Kitumie kuona mabadiliko, na kwa kazi hiyo ni mwaminifu.

Fundi wa West Nile amerudi:

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Kwa kuwa kapla ipo tayari ndani ya mtambo wetu, nimeazima tinySA na atenueta, na leo nimeongeza ile ya desibeli 10. Kilele cha 98 kimeshuka kwa 10 kamili. Kwenye 110 sikuona kitu. Jirani alipokubali kuzima kwa dakika tano, 98 ilitoweka huku sisi tukiwa hewani, aliporudi nayo ikarudi. Kwa hiyo ni letu, na nimewaandikia viongozi kwamba kichujio cha kaviti, kinachopitisha masafa yetu na kuzuia mengine, kwenye tokeo la mtambo kinunuliwe kabla ya analaiza yoyote, kwa kuwa kitazuia 106 inayoingia na 98 inayotoka. NanoVNA nimeiagiza. Jirani ameniahidi saa nane ya usiku wa Jumatano, wingu likituruhusu.