Nimegongwa kwenye barafu: bima yangu, bima yake au kaunti? Naomba ulinganisho

Taa_ya_Nyuma

Wakuu, naomba mawazo. Niko Minnesota. Wiki tatu zilizopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa naingia darajani gari la mbele likateleza na kukaa upande. Nikakanyaga breki polepole, nikasimama bila kumgusa mtu. Sekunde chache baadaye pikapu ikanipiga kwa nyuma. Lami ilionekana imelowa tu, kumbe ni ile barafu isiyoonekana. Shingo na bega la kulia bado vinauma, nimeshakwenda fiziotherapia mara sita.

Sasa kila mtu ananivuta upande wake. Mmoja anasema nidai bima yangu mwenyewe. Mwingine anasema nimshtaki mwenye pikapu. Shemeji anasema niishtaki kaunti kwa sababu hawakumwaga chumvi darajani. Na bima ya mwenye pikapu wamenipigia mara mbili, wanataka maelezo ya kurekodiwa, na wanasema watanipa dola 3,500 nikisaini wiki hii. Eti asilimia 30 ya kosa ni langu: sikuwasha taa za dharura na matairi yangu ya nyuma yameisha.

Njia ipi ina nafuu? Na nikichagua moja, nimejifungia nyingine?

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi. Niliposhuka nilimwambia yule dereva pole, kwa Kiingereza. Neno lao ni moja, ndilo pole na ndilo naomba radhi. Sasa ameiambia bima yake kwamba nilikiri kosa.

Gia_ya_Tatu

Pole dada. Mimi ningechukua hiyo 3,500 nikalala. Barafu haina mwenyewe. Ukifika mahakamani atasema gari liliteleza, si yeye, na jaji naye anaendesha kwenye theluji hiyo hiyo, atamwelewa.

Herufi_Ndogo

Dada, usisaini. Miaka tisa nimeshika mafaili ya madai ya bima (si wakili, nisije nikaeleweka vibaya). Hiyo karatasi haisemi "tumekulipa kwa sasa". Inasema umeachilia madai yako yote yatokanayo na ajali hii, yanayojulikana na yasiyojulikana. Bega likigundulika limechanika mwezi wa tano, ni lako.

Na Gia, kwa heshima, "barafu haina mwenyewe" ndiyo sentensi iliyowaokolea kampuni za bima pesa nyingi kuliko nyingine yoyote. Barafu si utetezi peke yake. Dereva anatakiwa aendeshe kulingana na hali ya barabara, na mwendo ulioandikwa kwenye kibao ni wa siku kavu. Zamani majaji katika majimbo mengi walikuwa wakiwaelekeza wazee wa baraza kwamba mtu aliyekumbwa na dharura ya ghafla asipimwe kama aliyekuwa na muda wa kufikiri. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Colorado iliyafuta maelekezo hayo kwenye kesi za uzembe, na kesi yenyewe ilikuwa ya gari lililopoteza mwelekeo kwenye barafu. Si kila jimbo limefuata, ila upepo umeelekea huko.

Sasa njia zako, kwa Minnesota.

Bima yako. Minnesota ni jimbo la bima inayolipa bila kujali mkosaji. Kiwango cha chini kabisa ni dola 40,000: 20,000 za matibabu na 20,000 za mshahara uliopotea na shughuli za nyumbani usizoweza kuzifanya. Mshahara wanalipa asilimia 85, mwisho dola 500 kwa wiki. Hapa hakuna anayekuuliza ile 30 yao, wala neno pole. Ubaya wake ni mmoja: maumivu hailipi hata senti. Toa taarifa kwao leo, usingoje mengine yaeleweke.

Mwenye pikapu. Hapa ndipo maumivu yanalipwa, lakini kuna kizingiti. Ama matibabu yapite dola 4,000 (picha za eksirei hazihesabiwi humo), ama ushindwe kufanya shughuli zako siku 60 au zaidi, ama ubaki na ulemavu au kovu la kudumu. Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 6, kwa hiyo haraka yote hii ya kusaini wiki hii ni yao, si yako.

Hizo njia mbili hazifungiani. Unaanza na ya kwanza, ya pili unaiacha wazi.

Taa_ya_Nyuma

Asante sana Herufi. Bili mpaka sasa ni kama 3,100 hivi. Na ile asilimia 30?

Herufi_Ndogo

Ni bei ya kuanzia mazungumzo, kama ya mwenye duka. Kwa Minnesota kosa lako linapunguza fidia kwa kiasi chake: hasara ya 10,000 na kosa la 30 unapata 7,000. Unakosa kabisa pale tu kosa lako likizidi la unayemdai.

Tena yaangalie madai yenyewe. Matairi ya nyuma yangekuwa na maana kama ni wewe uliyeteleza. Wewe ulisimama. Aliyeshindwa kusimama ni nani?

Daraja_la_Mto

Shukuru uko huko. Mimi niko Virginia. Hapa, Maryland, North Carolina na Alabama sheria bado ni ile ya kale: ukikutwa na kosa hata la asilimia moja, kwa kawaida hupati kitu. Ile 30 huku ingekuwa mwisho wa mazungumzo. Ndiyo maana nasema maelezo ya kurekodiwa usiwape bima ya upande wa pili. Huna mkataba nao. Wanakuuliza "ulikuwa na haraka kidogo?" unajibu "kidogo", na hiyo "kidogo" inaandikwa.

Bima yako mwenyewe ni jambo jingine, mkataba unakutaka ushirikiane nao.

Bwana_Chumvi

Nizungumzie kaunti, maana nimeendesha gari la kumwaga chumvi misimu minne. Shemeji yako ana uchungu wa haki lakini njia hiyo ni nyembamba. Minnesota, manispaa, kaunti na jimbo zina kinga kwa barafu na theluji ya barabarani. Kinga inaondoka pale hali hiyo ilipoletwa na uzembe wao wenyewe kwa kitendo, si kwa kuchelewa. Mfano wa kitendo: wafanyakazi wao wamemwaga maji barabarani, yakaganda usiku. Kutofika darajani mapema si hilo. Daraja huganda kabla ya barabara kwa sababu upepo unalipoza juu na chini, na sisi tulikuwa magari machache kwa maili nyingi.

Hata hivyo kama unashuku kitu cha namna hiyo, taarifa ya maandishi inatakiwa ndani ya siku 180. Na kumbukumbu za magari ya chumvi zipo: lilipita saa ngapi, lilimwaga kiasi gani. Omba kwa barua mapema, hazikai milele.

Kofia_ya_Sufi

Siku 180 ni anasa. Mimi niko Ontario. Ukitaka kuidai manispaa kwa hali ya barabara, taarifa ya maandishi iwafikie ndani ya siku 10. Kumi! Mimi siku ya kumi nilikuwa bado nimelala na mguu juu ya mto. Nilipeleka siku ya 23. Sheria inaruhusu jaji akusamehe ukiwa na sababu ya maana na manispaa isiwe imeumia kwa kuchelewa kwako, lakini mwaka mzima mawakili walibishana juu ya zile siku 13. Barafu yenyewe hakuna aliyeitaja.

Bima ya gari nayo huku inataka ujulishe ndani ya siku 7. Quebec jirani zangu hawana hata mabishano hayo: tangu 1978 aliyeumia barabarani analipwa na mfuko wa serikali na hawezi kumshtaki dereva kwa jeraha la mwili. Wengine wanaupenda mfumo huo, wengine wanaona wamenyang'anywa mahakama. Mimi baada ya mwaka ule ningeupokea kwa mikono miwili.

Mkono_wa_Kushoto

Kutoka Uingereza kwa ufupi. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ilisema mamlaka ya barabara haiwajibiki kuondoa barafu. Bunge likabadilisha sheria mwaka 2003, sasa inawajibika kadiri inavyowezekana. Lile "kadiri inavyowezekana" ndimo kesi nyingi zinakozama. Wakionyesha walikuwa na ratiba ya chumvi na wakaifuata, unarudi nyumbani.

Lakini kwa huyo wa pikapu: kitabu chetu cha kanuni za barabara kinasema umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kufika mara 10 ya kawaida. Aliyekugonga nyuma hakuacha hata mara mbili.

Dereva_Mstaafu

Nimesoma yote, naona swali moja hakuna aliyeliuliza. Binti yangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ulikuwa unaelekea wapi?

Taa_ya_Nyuma

Kazini mzee wangu. Nahudumia wagonjwa majumbani. Nilikuwa nimetoka kwa mgonjwa wa kwanza, namwahi wa pili.

Dereva_Mstaafu

Basi una mlango wa nne, na huo ndio unaotangulia. Anayetoka nyumbani kwake kwenda kazini kwa kawaida hahesabiwi yuko kazini. Lakini anayetoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, barabara ndiyo ofisi yake. Hiyo ni fidia ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa dereva wa lori, niliangukia mlango huo mwaka ambao sikujua kama upo.

Herufi_Ndogo

Mzee amenifunga mdomo. Nilipaswa kuanza na swali hilo.

Hii inabadilisha mpangilio. Fidia ya wafanyakazi inalipa matibabu ya jeraha hilo, na kwa mshahara theluthi mbili ukiwa huwezi kufanya kazi kabisa. Inatangulia bima yako ya gari. Bima ya gari inahesabu kilichobaki. Haiulizi nani mkosaji. Mwajiri humshtaki, ndiyo bei ya mfumo, ila mwenye pikapu bado unaweza kumdai kwa sababu si mwajiri wako. Ukilipwa na yeye, bima ya mwajiri itataka irudishiwe sehemu ya ilichotoa. Hesabu ya nani anamrudishia nani ndiyo inayonifanya niseme hapa tafuta wakili. Kawaida yao ni kuchukua asilimia ya kinachopatikana, mara nyingi kama theluthi, na hulipi kitu mwanzoni. Kwa madai madogo ya bima yako pekee ningekwambia jifanyie mwenyewe.

Swali la haraka: mwajiri anajua? Minnesota kumjulisha ndani ya siku 14 ndiyo salama, ndani ya 30 bado una nafasi nzuri, na baada ya 180 kwa kawaida mlango umefungwa.

Gia_ya_Tatu

Haya nimeshindwa. Ila kama bili ni 3,100 na kizingiti ni 4,000, si aongeze vipindi vinne vya fiziotherapia tu, mambo yaishe?

Herufi_Ndogo

Gia, hapana. Aende anapoambiwa na daktari, asiende asipoambiwa. Mafaili yenye vipindi vilivyosimama dola kumi juu ya kizingiti tulikuwa tunayatambua kabla hatujafungua ukurasa wa pili.

Bwana_Chumvi

Na gari lako liko wapi? Kama liko yadi linangoja kubondwa, lizuie kwanza. Magari mengi ya sasa yana kifaa kinachohifadhi mwendo na breki za sekunde chache kabla ya kugongwa. Chako kitaonyesha ulikuwa umesimama. Cha pikapu kitaonyesha yeye alikuwa anafanya nini, wakili anaweza kuandika barua kisifutwe. Chukua pia kumbukumbu za hali ya hewa za uwanja wa ndege ulio karibu, zinaandikwa kila saa.

Taa_ya_Nyuma

Nimerudi. Gari bado lipo yadi, nimewaambia wasiliguse. Bima yangu nimeshawapa taarifa, wamenipa namba ya faili. Wa pikapu nimewaambia wasubiri barua.

Kuhusu mwajiri: leo ni siku ya 22, na fomu yoyote sijajaza. Nimekaa nimejilaumu saa nzima. Halafu nikafungua simu nikatafuta meseji za asubuhi ile. Saa 12:51 nilimwandikia msimamizi: "Nimegongwa darajani, shingo inauma, sitamfikia mgonjwa wa pili, tafuta mtu." Akajibu sawa, pole.

Dereva_Mstaafu

Piga picha hiyo meseji, saa ionekane, uitume kwa barua pepe yako mwenyewe sasa hivi. Fomu ujaze kesho asubuhi.