Mwanamume ananifuata usiku nikitoka kazini, polisi wamenipa namba wakafunga. Nipige tena? (Uingereza)

MwanaTanga

Habari za humu jamani. Naandika saa nane usiku, sijalala, kwa hiyo mnisamehe maelezo yakipinda.

Niko Uingereza mwaka wa pili sasa, mji mdogo wa katikati ya nchi, jina lake naliacha. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani na nimekuja kwa viza ya kazi hiyo. Zamu ya jioni naingia saa kumi, napita nyumba saba, na wa mwisho ni bibi wa miaka 91. Namvalisha nguo za kulalia, nampa dawa, namfunika, nafunga mlango na kurudisha ufunguo kwenye kile kisanduku cha namba ukutani. Hapo ni saa nne na robo usiku. Gari sina. Natembea dakika nane hadi kituo cha basi, nashuka karibu na kanisa, natembea tena dakika sita hadi ninapopanga.

Ilianza wiki ya pili ya Januari. Mwanamume wa kizungu, arobaini na kitu hivi, koti la kijani lenye kofia. Alikuwa amekaa kituoni, basi likaja, hakupanda. Sikujali. Keshokutwa yake yuko tena, safari hii akapanda, akakaa nyuma yangu, akashuka niliposhuka. Nikadhani ni mtu wa mtaani kwetu. Mara ya tatu akanisalimia kwa jina langu. Damu ilinisimama, hadi nilipokumbuka kuwa beji ya kazi ilikuwa inaning'inia shingoni. Tangu siku hiyo naivua nikiwa bado ndani kwa yule bibi.

Mara ya nne alinifuata hadi nyumbani. Nilisikia hatua, nikasimama chini ya taa ya barabarani nikajifanya naongea na simu, naye akasimama. Nikakimbia. Nilipofunga mlango nikachungulia kwenye pazia bila kuwasha taa. Alikuwa ng'ambo ya barabara anavuta sigara, anatazama madirisha moja baada ya jingine. Asubuhi nilikuta vichungi vitatu pale chini.

Nikapiga 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura. Nilisubiri dakika 37, simu inaonyesha. Yupo hapo sasa hivi? Hapana. Amekugusa? Hapana. Amekutishia? Hapana. Unamjua? Hapana. Akanipa namba, ile kwetu tunaita RB, akasema akija tena nipige. Baada ya siku nne akaja askari wa kike. Mimi nilivyolelewa, mgeni akiingia ndani anapewa kitu, nikamchemshia chai ya tangawizi. Akaniuliza kama niko sawa, nikamjibu niko sawa, nikamshukuru kwa kuja. Nilikuwa natabasamu muda wote, sijui kwa nini. Aliandika nusu ukurasa, redio yake ikaita, akaondoka na chai ikabaki imepoa mezani. Wiki iliyofuata ikaja barua pepe: hakuna mtuhumiwa aliyetambulika, shauri limefungwa.

Amekuja mara mbili nyingine tangu hapo. Na juzi Jumanne nimekuta karatasi imepitishwa kwenye tundu la barua. Ndani kumeandikwa jina langu. Basi, jina tu.

Nipige tena, au wataniona msumbufu? Na viza yangu imeshikwa na mwajiri. Nikiwa mtu wa kesi, Uhamiaji hawatanigeuzia kibao? Mama yuko Tanga, sijamwambia, presha yake naijua. Kule ningeanzia kwa mjumbe, na mtaa mzima ungejua sura ya huyo mtu kabla ya jua kuchwa. Hapa jirani wa mlango wa pili simjui hata jina.

Mbeba Boksi Mkongwe

Pole sana dada. Mimi nakwambia ukweli, polisi wa huku hawaamki mpaka waone damu. Tafuta vijana wetu wawili watatu wenye miili, wakusubiri hapo kituoni, wakimkuta wamfundishe adabu mara moja tu. Atahama mji. Ukiniambia uko wapi nakuja na gari Jumamosi.

Bi Chakechake

Mwanangu, pole. Nimeyasoma mara mbili.

Kaka hapo juu, moyo wako mwema nauona, lakini usimpeleke mtoto wa watu pabaya. Vijana wakimpiga yule, yeye ndiye atakayegeuka mlalamikaji. Wao watalala ndani na viza zao, na huyu binti ataulizwa nani aliwatuma. Wamsindikize, naam, na gari lako lije. Mkono asiguswe.

Miaka kumi na moja nimewatafsiria wanawake wetu polisi na mahakamani nchi hii. Jambo nililolikuta mara nyingi kuliko yote umeliandika mwenyewe hapo juu: "niko sawa." Ndivyo tulivyolelewa. Mtu kafiwa jana, ukimuuliza hujambo atakujibu sijambo, kisha ndipo autaje msiba. Kwetu sijambo ni kumkaribisha mtu barazani, habari yenyewe iko ndani. Askari wa Kiingereza anaishia barazani. Ukimwambia uko sawa, anaandika uko sawa. Nimewahi kukaa na mwanamke anayejibu kwa upole, anacheka kidogo, na chini ya meza mkono wake umenishika pindo la buibui mpaka uzi ukatoka. Askari alikuwa upande wa pili wa meza, hakuuona ule mkono. Kwenye karatasi yake ukaandikwa utulivu.

Basi ukipiga tena, sema unaogopa. Kisha sema imekufanya nini. Umevua beji, huwashi taa, hulali, unaandika saa nane usiku. Usione haya kuyataja, kwa sababu sheria yao inauliza hayo hayo: huyu mtu amekutia hofu, au fadhaa kubwa kiasi cha kuharibu mambo yako ya kila siku? Wewe una majibu ya kutosha, ila hukuwapa.

La pili. Ulipopiga 101 uliwaeleza usiku mmoja. Mtu kusimama barabarani usiku mmoja akavuta sigara si kosa. Sheria ya kuzuia bughudha ni ya 1997, na mwaka 2012 ikaongezwa kosa mahsusi wanaloliita "stalking". Linataka mwenendo, yaani matukio mawili au zaidi yanayofuatana. Wewe unayo sita na karatasi juu yake. Yataje kama kamba moja, tarehe kwa tarehe, na neno hilo "stalking" wapelekee lilivyo. Usiseme kuna mtu ananisumbua. Anayesumbua ni mtoto anayegonga mlango akakimbia. Waambie pia kuna namba ya kwanza, wayaunganishe, la sivyo wataanza upya. Na waulize juu ya amri ya mahakama ya kukulinda. Tangu Januari 2020 polisi wenyewe wanaweza kuiomba kwa hakimu, hata kabla mtu hajahukumiwa.

Usidhani ni kwako tu. Ugeni na rangi vina sehemu yake na sitavificha, nimeyaona. Lakini alikuwapo binti wa Kiingereza, Alice Ruggles, miaka 24. Aliwapigia polisi kuhusu aliyekuwa mpenzi wake, yule bwana akapewa onyo la maandishi. Akaendelea. Alice akapiga tena, akaulizwa yeye unataka tumkamate? Swali hilo kumuuliza msichana mwenye huruma! Akakataa. Oktoba 2016 akauawa nyumbani kwake Gateshead. Wakikuuliza wewe, jibu ni ndiyo.

Ile karatasi usiishike tena. Itie kwenye bahasha safi kwa kibano, iwekwe tarehe. Vichungi ulivitupa? Kama umevitupa usijilaumu, ila akiacha vingine waambie waje wavichukue wao. Na picha za kamera za ndani ya basi hazikai milele, zinafutwa, kwa hiyo wape namba ya basi na saa uliyopanda leo hii, si mwezi ujao.

Akiwa yupo nyuma yako, 101 iache. Piga 999, namba ya dharura. Ukiwa huwezi kusema neno, gonga au kohoa, kisha ukiambiwa bonyeza 55 kwenye simu yako ya mkononi, wataelewa kuwa hukupiga kwa bahati mbaya. Kimya peke yake kinaweza kukukatia simu. Na Kiingereza kikikukimbia, taja "Swahili" tu, watamtafuta mkalimani kwa simu.

Nesi wa Nakuru

Pole sana dadangu. Bi amesema yote ya polisi, mimi naongeza ya kazi na viza.

Viza haifutwi kwa sababu umeenda polisi kama mwathiriwa. Usiogope hiyo. Wenye wako kwa shida ni wale hawana makaratasi, kwa sababu polisi wa hapa wanaweza kupitisha habari zao kwa Uhamiaji. Mashirika ya kutetea haki, Liberty na Southall Black Sisters, yalilalamika rasmi juu ya hilo 2018. Kama kuna msomaji hapa wa hali hiyo, tafadhali apitie kwanza kwa shirika kama hilo au wakili, ndio aende polisi akiwa na mtu.

Mwajiri wako naye usimwache nje. Mwandikie meneja barua pepe, si maneno ya mdomo, umweleze kuwa anakuvizia ukitoka kwa mteja. Sheria ya usalama kazini ya 1974 inampa jukumu juu yako hata kama ofisi yako ni nyumba za watu. Mimi kabla niingie hospitali nilifanya hiyo kazi miaka mitatu, na ratiba ya usiku hubadilishwa haraka sana ikiwa imeandikwa. Kwa mdomo wanakuambia wataangalia.

Halafu kuna laini ya simu ya watu wanaofuatwa, inaendeshwa na Suzy Lamplugh Trust: 0808 802 0300. Shirika hilo lilianzishwa na wazazi wa Suzy, dalali wa nyumba aliyepotea London Julai 1986 baada ya kwenda peke yake kumwonyesha mteja nyumba. Kwa hivyo mambo ya mwanamke kufanya kazi peke yake ndani ya nyumba za watu wanayaelewa tangu mwanzo.

Na kitu kimoja kidogo. Akija askari kanzu wa kiume peke yake usiku, usimfungulie haraka. Tangu Sarah Everard, mwanamke wa London, auawe na askari Machi 2021, hakuna polisi wa maana atakushangaa ukimwambia asubiri nje wakati unapiga simu kuhakikisha ametumwa.

MwanaTanga

Shikamoo Bi. Asanteni wote, na kaka asante kwa gari, nimekutumia ujumbe.

Nimepiga leo asubuhi. Nilikaa kitandani na daftari, tarehe saba zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nilianza na lile neno kabla hata ya jina langu. Yule dada wa simu akanyamaza kidogo kisha sauti yake ikabadilika, akaanza kuuliza maswali mengine kabisa: unalala wapi leo, nani ana funguo, unatoka kazini saa ngapi. Aliponiuliza kama niko sawa nikasema hapana. Nikalia, Bi. Nilikuwa sijalia tangu Januari.

Wamekuja wawili saa nane mchana. Chai sikupika mpaka walipomaliza kuandika. Karatasi wameichukua kwenye mfuko wao, na yule mkubwa alitoka na tochi kuangalia ng'ambo ya barabara ingawa ilikuwa mchana, akainama mpaka chini ya ua wa yule jirani. Akagonga kwa jirani pia. Kumbe ana kamera kwenye kengele ya mlango. Anaitwa Margaret, amenipa namba yake, amesema nimpigie saa yoyote.

Meneja amejibu barua ndani ya saa mbili: kuanzia kesho bibi wa mwisho anahudumiwa na mwenzangu mwenye gari, na mimi atanipitia.

Ijumaa naenda kituoni kutoa maelezo ya kurekodiwa, mkalimani ameshapangwa. Hapo ndipo nina wasiwasi. Hilo neno lao, kwa Kiswahili nisemeje? Kunivizia? Kuninyemelea?

Bi Chakechake

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema, na kulia ni haki yako.

Kuvizia ni kukungoja mahali, na kunyemelea ni kukujia kimya kimya. Yote amekufanyia, yataje yanapotokea, usiku ule wa kituoni, usiku ule wa taa. Lakini kwa jambo zima tumia kuandama: "ananiandama tangu Januari." Andama ni leo na kesho na keshokutwa, na ndilo wanalolitafuta. Ukimsikia mkalimani kaligeuza likawa usumbufu, msimamishe pale pale, sema hapana, sikusema hivyo, irudiwe kwenye mkanda. Baadhi yetu huwa tunapunguza makali bila kukusudia, tukidhani tunakuhifadhi.

Kula kitu kabla hujaenda, maelezo hayo huchukua saa mbili au zaidi. Na uniandikie ukitoka.