Mlimau wa chunguni na baridi inakuja: kitalu nyumba, kitambaa au niuingize ndani?

Mama Nuru
Habari za leo wakuu. Kesho natoa hela, kwa hiyo nijibuni haraka. Nina mlimau kwenye chungu, mwaka huu umenipa malimau manne. Nina pia mgomba, mchaichai na sukuma wiki. Nimeona kitalu nyumba kidogo cha nailoni, mabomba yake unaunga mwenyewe, paundi 95. Halafu kuna kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, roli zima paundi 12. Mume wangu anasema vyote viwili ni kutupa pesa, niingize kila kitu ndani. Ninunue kipi?

Mkulima Kinangop
Paundi za wapi, dada? Hata Misri wana paundi. Sema uko mji gani, chungu kina ukubwa gani, una uwanja au roshani, na mgomba wenyewe ni wa aina gani. Hapa hatupigi ramli.

Bi Mize
Kitambaa. Niko Bristol mwaka wa kumi na nne huu. Kile chepesi cha gramu 17 kwa mita ya mraba kinakuokoa na jalidi ndogo, ile barafu nyeupe ya alfajiri juu ya majani, nyuzi mbili hivi chini ya sifuri. Ukitaka zaidi, chukua kizito cha gramu 30. Lakini kiwe kitambaa, mwanangu, si nailoni. Kitambaa kinapumua.

Sharifu Minneapolis
Kwa heshima zote, nyinyi wa Uingereza mnadeka. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ya 2023 inatuweka ukanda wa 5a. Maana yake, usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka, kwa wastani, unafika kati ya nyuzi 26 na 29 chini ya sifuri. Mlimau ukilala nje huku, Novemba haiishi umeshakuwa kuni.

Ila nikwambieni: theluji ni blanketi. Vitunguu saumu vyangu napanda Oktoba, theluji inavifunika, Julai navuna. Mwaka wa theluji haba ndio wa hasara. Udongo unaganda, unayeyuka, unaganda tena, na kila mara unazisukuma punje juu mpaka unazikuta zimelala wazi. Siku hizi nazilaza chini ya majani makavu, theluji ije isije.

Mama Nuru
Samahani wakuu. Niko Leeds, nyumba ya kupanga. Nyuma kuna uwanja mdogo wa zege, hakuna udongo. Chungu ni cha udongo wa kuchoma, upana kama sufuria ya pilau ya watu kumi. Mgomba sijui aina, aliniachia jirani akihama.

Mkulima Kinangop
Zege! Hilo ndilo ungeanza nalo. Mmea ulio ardhini, udongo unaukinga mizizi. Wa chunguni baridi inaupiga pande zote.

Dada wa Coventry
Mimi ninacho kitalu kama hicho, mwaka wa tatu huu, na sijutii. Lakini nimekifunga ukutani kwa skrubu. Wewe kwenye zege utakifunga wapi? Upepo wa huko utakipeleka kwa majirani. Muulize mwenye nyumba kwanza kama anakuruhusu kutoboa ukuta.

Fundi Salim
Dada, kabla hujalipa, sikiliza yaliyonipata. Desemba 2022, baridi ile ambayo Braemar, huku Uskoti, ilifika nyuzi 17 chini ya sifuri. Mimi niko Edinburgh, hatukufika huko, lakini kilichotupata kilitosha. Nilikuwa na mlimau wa miaka sita. Usiku wa kwanza nikauvisha mfuko mkubwa wa nailoni nikakaza kamba kama gunia la mkaa. Asubuhi mfuko umejaa jasho, na kila jani lililogusa nailoni limekuwa jeusi na laini kama mchicha uliochemshwa.

Nikaogopa. Nikauingiza sebuleni, nikauweka kando ya hita, najiona nina huruma. Siku ya tatu majani yakaanza kudondoka, tena mabichi kabisa. Mke wangu anafagia asubuhi, anafagia jioni, ananitazama. Nikasema mti una kiu, nikamwagilia. Hauachi kudondosha, namwagilia tena. Kumbe udongo ulikuwa bado wa baridi, mizizi imelala haivuti kitu, na huku juu majani yanakaushwa na hewa ya hita yanadai maji. Yale maji yangu yalikuwa yanaiozesha mizizi tu. Februari ilibaki fimbo iliyojaa wadudu gamba. Nilipoung'oa, mizizi ilichomoka kama uzi uliooza, chumba kizima kikanuka. Na vyungu viwili vya udongo nilivyoviacha nje vimelowa vilipasuka vyote.

Kwa hiyo mimi nasema: chumba cha baridi chenye mwanga, nyuzi 5 hadi 10, mbali na hita, na maji kidogo mno. Kitalu cha nailoni bila hita, usiku wa baridi kali ndani na nje ni karibu sawasawa. Hata hiyo 95 usiitoe.

Bi Mize
Pole kaka. Lakini si tulisema kitambaa? Wewe ukavisha nailoni.

Fundi Salim
Mwaka 2022 ulikuwa hujaniambia, Bi Mize.

Mwana Makete
Mnaongea kama baridi ni mali ya Ulaya. Njooni Kitulo, huku kwetu Tanzania, Juni na Julai, tunaamka nyasi nyeupe. Sakitu inashuka usiku wa anga safi usio na upepo, na hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji inajaa bondeni. Mparachichi wa bondeni unaungua, na wa pale mteremkoni, hatua chache juu, haujui kama kulikuwa na baridi. Dada wa Leeds, angalia uwanja wako. Kona ya chini kabisa ndiyo mbaya. Vyungu visogeze kwenye ukuta unaopata jua, usiku ukuta unarudisha joto.

Bi Mize
Sakitu ndiyo nini tena? Sisi tunajua jalidi.

Mwana Makete
Ni kitu kimoja, shangazi. Yote mawili yamo kwenye kamusi.

Mkulima Kinangop
Kwetu hakuna neno jalidi wala sakitu, tunasema baridi imechoma viazi, basi. Januari 2012 ilichoma hata chai ya Kericho na Nandi. Baba yangu alikuwa anachoma majani mabichi alfajiri, moshi unatanda shambani.

Sharifu Minneapolis
Moshi ni kujifariji. Joto la ardhi linapanda angani na kuupita moshi huo bila shida. Mawingu ndiyo yanayolizuia, kwa maana ni maji.

Mkulima Kinangop
Mwambie baba. Ana miaka 81 na viazi vyake vipo.

Dada wa Coventry
Turudini kwa mgomba. Kama kwa jirani ulikuwa unalala nje mwaka mzima, basi karibu hakika ni Musa basjoo. Wanauita wa Kijapani lakini asili yake China. Jalidi ya kwanza inaunguza majani, usishtuke. Kata majani, shina lizungushie nyasi kavu, mizizi itachipua tena. Ila hayo ni ya ulio ardhini. Wa chunguni usogeze ukutani, chungu nacho kivishe gunia. Na matunda yake hayaliki, ni mbegu tupu.

Mama Nuru
Hayaliki?! Mwaka mzima nasubiri mkungu.

Bi Mize
Sukuma wiki ziache hapo hapo nje. Baridi ikizipiga zinageuza wanga kuwa sukari ili maji ya ndani yasigande upesi. Mimi sichumi mpaka jalidi ya kwanza ipite. Unazikata nyembamba, kitunguu, nazi ya kopo, pilipili mbuzi moja nzima juu.

Mkulima Kinangop
Sukuma na nazi? Sukuma ni kitunguu, nyanya na chumvi.

Bi Mize
Ndiyo maana mnaila na ugali kila siku.

Mwana Makete
😂😂 Nazi huku hatuna, tunaweka karanga.

Mama Nuru
Nimenunua kitambaa kizito. Kitalu kimo kwenye kikapu, sijalipa. Mlimau nimeuweka kwenye korido, karibu na mlango. Hakuna hita, kuna dirisha dogo.

Fundi Salim
Dirisha linatazama wapi? Na upepo mlango ukifunguliwa? Gusa udongo kwa kidole kabla hujamwagilia, ukiwa na unyevu uache.

Sharifu Minneapolis
Huyo mlimau atakufa kwa giza. Nunua taa ya mimea, iwashe saa 12 kwa siku.

Fundi Salim
Korido ya baridi na taa ya saa 12? Unauamsha mti wakati mizizi imelala. Ndiyo yale yale yangu.

Sharifu Minneapolis
Wangu una miaka tisa, mkuu.

Bi Mize
Karanga unaziponda au unazisaga?

Mama Nuru
Na mchaichai jamani? Niliuliza tangu Jumapili.